Mwito Si Jeneriki

Wenzetu katika kitabu hiki wanaandika juu ya mambo makubwa: ndoa, matanga, uvuvi, majina ya ukoo. Sisi tumechagua jambo ambalo wengi wataliona dogo kama ndagala mmoja ndani ya wavu. Ni ile muziki fupi inayolia redioni kabla ya emisyo kuanza, na hasa ni jina lake. Wazazi wetu waliiita indikatifu. Vijana wa leo wanaiita jeneriki. Wengine, waliosoma Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, wanasema kibwagizo. Na wengi hawaiiti jina lolote, wanasema tu «ile muziki ya kuanza».

Mtu atatuambia: «Mwalimu, si ni neno tu? Iko sawa.» Hapana, haiko sawa. Jina la kitu linafundisha kazi ya kitu. Ukizoea kumwita mlinzi wako mgeni, usishangae siku atakapoacha mlango wazi na kwenda zake. Tunasema wazi tangu mwanzo: kadiri indikatifu ilivyozoea kuitwa jeneriki, ndivyo redio zetu ndogo zilivyosahau kazi yake, na sisi wasikilizaji njo tunaoumia.

1. Maneno mawili yasiyo ndugu

Tuanze kama darasani, kwa kuangalia mzizi. Indikatifu ni neno la Kifaransa, indicatif, na Kifaransa kimelitoa katika Kilatini: indicare, kuonyesha, kama mtu anayenyoosha kidole. Kidole cha shahada chenyewe kwa Kifaransa kinaitwa index, ni mtoto wa nyumba hiyo hiyo.

Wanafunzi wetu wa sekondari wanalikuta neno hili njia tatu. Katika somo la Kifaransa, indicatif ni namna ya kitendo inayosema jambo jinsi lilivyo, bila sharti wala tamaa. Katika simu, indicatif ya Kongo ni 243. Ya Tanzania ni 255, ya Burundi 257, ya Zambia 260. Ndugu yako aliye Kigoma akikosea namba zile tatu, simu yake haitakufikia wewe hapa Zongwe, itaangukia kwa watu wengine kabisa. Na redioni, indikatifu ni sauti inayosema: hapa ni sisi, si wengine, saa ni hii, si nyingine, jambo linalokuja ni hili. Njia zote tatu, kazi ni moja: kuonyesha kitu kimoja bila kukichanganya na kingine.

Jeneriki nayo ni neno la Kifaransa, générique, lakini mzizi wake ni mwingine: genus, yaani ukoo, aina, jumla. Kitu cha générique ni kitu cha aina nzima, si cha mmoja. Katika sinema ni ile orodha ya majina ya wote waliofanya kazi katika filamu, pamoja na muziki inayoyasindikiza majina hayo. Hapo neno liko nyumbani kwake, hatuligusi.

Lakini ingia sasa katika farmasi. Dawa ya générique ni nini? Ni dawa inayouzwa kwa jina lake la kawaida, bila lile jina la biashara la kiwanda kilichoitoa kwanza. Kwa dawa hilo ni jambo jema sana: bei inashuka, maskini anapona. Lakini mwito wa redio ni dawa? Mwito usiokuwa na jina la mwenyewe ni mwito wa nani? Indikatifu inanyoosha kidole na kusema «huyu hapa». Jeneriki inafumba macho na kusema «wote ni mamoja». Na sisi tumechukua neno la pili tukalivika kazi ya la kwanza!

2. Neno lilitufikia kwa njia gani

Hatuwalaumu vijana bure. Neno hili lilipanda kutoka Kinshasa ndani ya kaseti na sidi. Tangu miaka ya 1990, bendi kubwa zilizoea kuita jeneriki ule wimbo wa kuchezesha unaobeba danse ya album, wenye sebene ndefu na kelele za atalaku. Nani hakucheza «Loi» ya Koffi Olomide mwaka 1997, au «Solola Bien» ya Wenge Musica Maison Mère mwaka 1999? Harusi za Kalemie nazo zilizicheza mpaka asubuhi. Na atalaku wenyewe waliingia katika orkestra tangu mwaka 1982, pamoja na Zaïko Langa Langa. Hilo neno atalaku, lenye asili ya Kikongo, maana yake ni kama kusema «tazama huku». Kumbe hata wao walianza kama watu wa kuita!

Vijana wanaoongoza emisyo zetu walikulia ndani ya muziki hiyo. Walipoingia studio wakakuta muziki ya kufungulia, wakaiita kwa jina walilolijua. Ingekuwa jina peke yake lilihama, tusingeandika. Lakini jina halihami peke yake, linahama na mizigo yake. Tuifungue mizigo hiyo, iko mitatu.

Mzigo wa kwanza ni kubadilika. Jeneriki ya bendi lazima iwe mpya kila album, la sivyo watu watasema bendi imelala. Basi na redio zikaanza kubadili indikatifu kila miezi michache, eti ya zamani imechosha. Nani aliwaambia kwamba mwito unachosha? Kengele ya kanisa inachosha? Jina lako limekuchosha?

Mzigo wa pili ni kuchezesha. Jeneriki ya bendi kazi yake ni kuinua watu kwenye viti wakacheze. Basi jurnali ya habari, yenye kutangaza vifo na magonjwa, nayo ikafunguliwa kwa sebene. Mtoto anacheza uani, na spikeri anaanza kusoma majina ya waliozama ziwani. Je, hiyo ni heshima?

Mzigo wa tatu ni libanga, ile desturi ya kutupia majina ya wenye pesa ndani ya wimbo. Sasa tunasikia mwito wa emisyo unaotaja tajiri wa duka, mwanasiasa anayetafuta kura, na shemeji ya mkurugenzi, kabla haujataja hata jina la emisyo. Wenzetu Waluba wana kasala, yale maneno marefu ya kumtaja mtu, ukoo wake na matendo yake. Kasala inakutaja kwa sababu ya damu na kazi yako. Libanga inakutaja kwa sababu ya mfuko wako. Mwito ulionunuliwa unamwita nani? Unamwita aliyelipa, aje ajisikie mwenyewe.

3. Wazee walijua kuita

Kitabu hiki ni cha desturi, na msomaji ana haki ya kutuuliza: redio ni ya wazungu, desturi inaingia wapi? Inaingia mlango wa mbele. Kuita watu kwa sauti inayojulikana ni desturi yetu kabla ya redio yoyote.

Tazama ngoma ya mti, ile iliyotobolewa tumbo kwa mpasuko mrefu. Pande zetu iliitwa mondo, Waluba wakaiita kyondo, na kwa Kilingala ni lokole. Ina midomo miwili, mmoja wa sauti nene na mmoja wa sauti nyembamba, na lugha zetu nazo zina sauti za juu na za chini, kwa hiyo ngoma inaweza kufuata maneno. Mmisionari mmoja Mwingereza, John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu karibu na Kisangani, alijifunza ngoma za Walokele, akaandika kitabu juu yake mwaka 1949. Alionyesha jambo ambalo wapigaji wote walilijua: kwa kuwa maneno mengi mafupi yanafanana kwa sauti, mpigaji hatumii neno fupi. Anatumia fungu refu la maneno, na analirudia, ili msikilizaji asichanganye. Na kila mtu anayeheshimika alikuwa na jina lake la ngoma. Mpigaji alianza kwa kuita, akataja jina, halafu njo akaleta habari.

Tuelewe vizuri. Wazee walikubali kutoa jasho zaidi, wapige fungu refu badala ya fupi, kwa kuogopa kitu kimoja tu: kuchanganya. Waliona afadhali mkono uchoke kuliko aitwe mtu asiyeitwa. Na leo mtu mwenye kompyuta, asiyetoa jasho lolote, anachukua sekunde kumi na tano za wimbo unaolia katika kila nganda na kila basi, anauweka mbele ya jurnali. Amechagua sauti inayochanganya kuliko zote!

Hata vitu vilivyotoka nje tulivipokea kwa desturi hiyo hiyo. Mapadri Weupe walipokaa Mpala mwaka 1885, walileta kengele. Wakristo wa kando ya ziwa walijifunza upesi: mlio huu ni wa misa, huu ni wa sala ya adhuhuri, huu ni wa maiti. Hakuna mkristo anayeuliza mara mbili. Na kwenye masomo yetu, tunapiga ringi ya gari iliyotundikwa mtini. Mlio mmoja wa kuingia, mwingine wa mapumziko. Mtoto anayepiga ringi kwa kucheza anaadhibiwa, na kila mzazi anaelewa sababu. Hakuvunja ringi. Amevunja maana yake. Kesho ikilia kweli, nani ataondoka mchezoni?

Basi tunauliza: mtoto wa miaka 10 anaadhibiwa kwa kucheza na ringi, na mkurugenzi wa redio achezee mwito wa inchi nzima bila mtu kumkohoa?

4. Redio kubwa nazo zilijua

Wanaotupinga wanapenda kusema kwamba ulimwengu umekwenda mbele. Vema, twende nao huko mbele tukaone.

Tuanze na jirani, ng'ambo ya maji. Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo baadaye ilikuja kuwa TBC, ilitanguliza taarifa yake ya habari kwa ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mpiga ngoma kipofu aliyeweza kupiga ngoma nyingi peke yake. Redio ya nchi nzima, na mwito wake ni mikono ya mtu mmoja wa kijijini! Hawakutafuta wimbo wa dansi uliovuma mwaka ule. Nyimbo za dansi za miaka ile zimesahauliwa nyingi, ngoma zile mtu mzima akizisikia leo anakaa sawa kwenye kiti.

Nenda mbali zaidi. Deutsche Welle, inayotangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1963, ilijitambulisha miaka mingi kwa vipande vichache vya sauti kutoka «Fidelio», opera ya Beethoven. BBC, iliyoanza Kiswahili tarehe 27 Juni 1957, ilitumia katika idhaa yake ya dunia wimbo wa zamani sana uitwao «Lilliburlero», kwa makumi ya miaka. Na wakati wa vita vya pili vya dunia, BBC ilipotangaza kwa nchi za Ulaya zilizokaliwa na Wajerumani, ilipiga ngoma mapigo manne tu: matatu mafupi na moja refu. Ndiyo alama ya herufi V katika maandishi ya simu ya waya, V ya ushindi. Mtu aliyejificha na redio yake chini ya blanketi, mapigo manne yalimtosha. Alijua anasikiliza nani, na kwamba si adui anayejifanya rafiki.

Na hapa kwetu? Radio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, nchi ikiwa imekatwa vipande na vita, Kalemie yetu ikiwa mikononi mwa waasi wa RCD. Ilikuja na lugha tano: Kifaransa, Lingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo. Nguvu yake haikuwa habari peke yake. Nguvu ilikuwa kwamba aliye Kinshasa na aliye Kalemie, ijapokuwa saa zetu zinapishana kwa saa moja, waliitwa pamoja na sauti ile ile. Nchi iliyokatwa ilikuwa na mwito mmoja. Hilo jeneriki haliwezi.

5. Kinachopotea

Sasa tuje nyumbani, kwa mama anayesonga bukari. Umeme haufiki kila nyumba. Redio inakula mawe, na mawe ni pesa. Siku hizi kuna simu zenye redio na pano ndogo za jua, lakini siku za mvua pano linalala na simu inabaki na moto kidogo. Kwa hiyo watu hawaachi redio ilie kutwa. Wanaifungua karibu na saa ya jurnali, wanaiweka dirishani, wanaendelea na kazi. Mtoto anauliza: «Mama, jurnali ilisha kuanza?» Mama anajibu: «Bado, indikatifu haiyalia.» Ikilia, mwiko unasimama, batoto wananyamaza, na jirani asiye na redio anasogea ukutani. Ndiyo kazi yake hiyo. Hii si mapambo ya emisyo, ni mlango wake.

Kuna redio moja ya pande zetu, jina lake tunaliacha, iliyokuwa na mwito mzuri wa jurnali ya Kiswahili: likembe na filimbi, basi. Siku moja, bila kutangaza, wakaweka kipande cha danse iliyokuwa inavuma. Uani kwetu watu wakasema: «Zima ile, mawe itaisha bure, ni muziki tu.» Wakazima. Na jurnali ile ndiyo iliyokuwa na tangazo la kutia dawa ndani ya maji ya kunywa, kwa sababu ya kolera. Tulilisikia siku mbili baadaye kwa mdomo wa mpita njia, nalo likiwa limegeuka: wengine walisema dawa inatiwa majini ili kuua watu.

Hapo msomaji aone jambo hili si mchezo wa maneno. Kolera ni mgeni wa kila mwaka kandokando ya ziwa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko lenye nguvu ya 6.8 lilitupiga, nyumba zikaanguka Kalemie na watu wakafa. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda mpaka yakaingia katika nyumba za watu. Kati ya 2016 na 2017, mapigano ya Watwa na Waluba yalipowaka, umati wa watu ulikimbilia kambi za kuzunguka Kalemie, na uvumi ulikimbia kuliko watu. Siku kama hizo mtu anatafuta sauti anayoijua. Sauti ikimjia bila mwito unaojulikana, itatofautiana wapi na uvumi?

6. Tuwajibu wanaotupinga

Kuna watu wa aina tatu wanaotupinga, na tutamjibu kila mmoja kwa zamu yake.

Wa kwanza ni msomi wa Kiswahili safi. Anatuambia: indikatifu ni Kifaransa kama jeneriki, yatupeni yote mawili, semeni kibwagizo. Tunamheshimu, lakini amekosea mara mbili. Kwanza, neno la nje si adui. Meza ilitoka kwa Wareno, shule ilitoka kwa Wajerumani, kitabu kwa Waarabu, na leo ni watoto wa nyumba. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Shida yetu na jeneriki si pasipoti yake, ni kazi yake. Pili, kibwagizo ni ule mstari unaorudiwa ndani ya wimbo, ambao waimbaji wanauangukia kila baada ya ubeti. Kinakaa kati, kinajibu. Mwito unakaa mbele, unaita. Anayeita na anayeitikia si mtu mmoja. Wengine wanasema kiashirio. Hilo haliko mbali, maana kuashiria ni kuonyesha. Lakini ni neno la kwenye karatasi, mvuvi wa Zongwe hatalibeba mdomoni.

Wa pili ni kijana wa studio. Anasema lugha inakua, watu wenyewe wameamua, jeneriki imeshinda. Tunajibu: lugha inakua kweli, lakini mti unaokua unaongeza matawi, haupotezi. Tulikuwa na maneno mawili kwa mambo mawili. Sasa tuna neno moja kwa mambo mawili. Huko ni kukua au ni kupungua? Tena yeye mwenyewe, akipiga simu Lubumbashi na mtandao ukikataa, anauliza «indikatifu ni gani?» Hasemi «jeneriki ni gani?» Basi anaijua tofauti.

Wa tatu ni mkurugenzi. Huyu anasema hana pesa za kulipa wanamuziki, wimbo uliopo tayari ni bure. Si bure. Ni mali ya mtu. Sheria ya haki za watungaji katika inchi yetu, ile ordonansi namba 86-033, ni ya tarehe 5 Aprili 1986. Kama hakuna aliyekuja kukudai, haina maana kwamba hukuchukua. Na kuhusu gharama: likembe moja, filimbi moja, mzee mmoja, nusu saa ya kurekodi. Hiyo ni gharama ya kumshinda mkurugenzi? Gharama kubwa iko kwenye wimbo wa kuazima, kwa sababu redio ya jirani nayo itauazima huo huo, na mtakuwa nyumba mbili zenye mlango mmoja.

7. Tunayoyaomba

Tusiwe watu wa kulalamika tu. Tunaweka mezani mambo matano.

Kwanza, jina. Kwa Kiswahili tuseme mwito: mwito wa jurnali, mwito wa emisyo ya afya, mwito wa emisyo ya watoto. Ni neno fupi, mtoto analielewa, na linabeba kazi yake ndani yake. Aliyezoea kusema indikatifu aendelee kwa amani, hatutamsahihisha, maana anasema kitu kile kile.

Pili, jeneriki ibaki kwa wenyewe: majina ya mwisho wa filamu na ya teyatri, na ule wimbo wa danse wa bendi. Huko tutaicheza pamoja nao.

Tatu, mwito wa jurnali usibadilishwe kiholela. Ikibidi, watu watangaziwe juma zima kabla, na wa zamani na mpya visikike pamoja mpaka sikio lizoee. Hata mfalme mpya anaonyeshwa kwa watu kabla hajaamuru.

Nne, mwito wa habari, mwito wa hatari na muziki ya matangazo ya biashara visifanane hata kidogo. Mwito wa hatari uwe mmoja kwa redio zote za Kalemie, upigwe kwa mondo, na usitumiwe kwa kitu kingine chochote. Wala kwa bia, wala kwa kura.

Tano, mpigaji ajulikane. Jina lake litajwe angalau mara moja kwa juma, na alipwe kitu. Hapo ndipo libanga itakuwa ya halali: kumtaja aliyefanya kazi.

Na sisi walimu tuna sehemu yetu. Katika somo la Kifaransa tunapofika kwenye indicatif, tusiishie kwenye jedwali la vitendo. Tuwaulize wanafunzi: redio ya kwenu inaitaje? Wapige mezani kwa vidole. Atakayeshindwa kuupiga mwito wa redio anayosikiliza kila siku, tusimcheke, tujue redio hiyo haijamwita bado.

Wakurugenzi wa redio wakitaka kutuuliza, tuko hapa Zongwe. Wazee wanaojua mondo hawajaisha wote, lakini wanapungua, na mtu akifa hatuwezi tena kurekodi mikono yake. Waje na mashine yao mapema. Mti tutautafuta sisi.